Kuanika, Kuanua

Dona Ermelinda, mama mwenye nyumba ninayopanga hapa Porto,
hawezi kusoma gazeti bila miwani,
lakini kamba ya nguo ya jirani
huisoma kutoka ghorofa ya tatu.
Nepi mbili mpya: "Yule binti kajifungua, na kimya."
Soksi za mume hazionekani wiki ya pili:
"Kaenda Ufaransa. Au kaenda kwa mwingine."

Mimi hucheka, nikateremka ngazi na koti langu,
kwenda maabara kufanya kazi ileile,
ila kamba zangu hazionekani kwa macho.

Maana kila seli ni nyumba yenye madirisha elfu.
Ndani mna jiko, mna kisu kisicholala;
protini zikichakaa hukatwakatwa,
na vipande, vya pingili nane, tisa,
hubanwa kwa kibanio, vikaanikwa nje ya ukuta:
haya ndiyo tuliyopika leo, njooni mtazame.
Walinzi wa damu hupita, hupapasa pindo,
hawaagi, wanaendelea.
Seli haina hiari katika hili.
Hata iliyoharibika huanika.

Jumanne waliniletea Senhor Abílio.
Si yeye mzima: kipande chake, kama punje ya dengu,
juu ya barafu kavu, namba badala ya jina.
Jina nililijua kwa bahati mbaya,
muuguzi Zulmira alisahau kulifuta.
Mkaguzi wa tiketi za tramu, miaka thelathini na mmoja.
Wanasema alimjua asiyelipa
kwa namna alivyotazama dirishani.

Nilimsaga. Nikamwagia asidi, vibanio vikaachia,
na mashine ikavipima vipande uzito usiku kucha.
Alfajiri nikapata orodha: elfu nne mia mbili na sita.
Mashati, soksi, foronya,
nguo za mtu yeyote mwenye ngozi.
Kimoja tu, pingili ya tano si yake,
kama koti la kazi lenye kifungo cha koti jingine.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Sawa. Lakini nguo ilining'inia pale miezi mingapi,
mchana kweupe, walinzi wakipita chini yake?
Walisimama, naapa walisimama.
Ila uvimbe una mkono mpole,
humgusa mlinzi begani: "Bwana, umechoka. Pumzika."
Naye akalala wima, macho wazi.

Wakampa dripu ya kuubandua mkono ule.
Miezi mitano uvimbe ukanywea,
Zulmira akaniambia amerudi kupanda tramu,
anakaa nyuma, anawakagua watu bila ruhusa.

Februari, punje nyingine ya dengu.
Nikasaga, nikamwaga asidi, nikangoja.
Karatasi ikatoka karibu nyeupe.
Nikadhani nimekosea, nikarudia.
Si nguo tu: vibanio vyenyewe havipo, kamba haipo.
Umeanua.
Umeanua kila kitu, kama mtu aliyesikia mvua
kabla yetu sisi wote.

Jioni nikamsimulia Dona Ermelinda, kwa lugha ya mtaani.
Hakusikitika. Alinyoosha kidole upande wa pili wa barabara,
namba kumi na nne, roshani tupu tangu Krismasi.
"Wachafu siwaogopi," akasema. "Anayeishi hufua.
Nyumba isiyoanika hata kitambaa, hiyo ndiyo inaninyima usingizi."

Nikakumbuka: wapo walinzi wa aina nyingine,
wachache, wakorofi, wasiojua kusoma.
Swali lao ni moja: kamba iko wapi?
Pasipo na kamba, huvunja mlango.
Senhor Abílio amebakiwa na wangapi, sijui.
Kesho nitaomba damu yake, niwahesabu.

Nilipoinua kichwa, kiti chake kilikuwa kitupu.
Alikuwa ameshashuka ngazi zote, na goti lake bovu,
amevuka barabara na viatu vya ndani,
anagonga kumi na nne kwa kiganja kizima.